Kuitika Si Kukubali

Wanangu, nyinyi mnaoanza kushika kipaza sauti sasa, mkiniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani redioni miaka yote ile, jibu ni jepesi: nilikuwa nikiuliza. Waandishi wa vitabu, watunzi, wachezaji wa michezo ya kuigiza, wote walipita mbele yangu katika kipindi cha alasiri, nikawauliza. Lakini mkiniuliza walinijibu nini, hapo mtanionea huruma. Nimestaafu, mvi zimenifika mpaka kwenye nyusi, na yapo majibu ambayo hadi leo sijui yalikuwa majibu au yalikuwa kitu gani. Moja katika hayo ni neno moja tu, “naam”, na hilo ndilo lililonikalisha kitako niandike haya.

Kwanza lakini nikupeni ya kazi, msije mkasema mzee katuita kutupigia soga.

Aliyenifunza kazi ni Bi Salama, mtayarishaji wa kipindi kabla yangu, mwanamke mfupi mwenye amri ndefu. Siku ya kwanza aliniambia kwamba mtu wa vitabu na mtu wa jukwaa hawakalishwi kiti kimoja. Mwandishi hunong'ona, huyo msogeze karibu na kipaza sauti. Mchezaji wa jukwaani, hata umweke peke yake katika chumba kisicho dirisha, atasema “Assalamu alaykum” ya kuwafikia waliokaa mwisho wa ukumbi, na sindano ya mtambo itaruka mpaka igonge ukingo. Huyo mrudishe nyuma, ikibidi mpaka mlangoni. Bangili zivuliwe, maana zikigongana meza nzima hulia. Halua isiliwe kabla ya kipindi, hunata kwenye ulimi. Na mgeni akikujibu kwa kutikisa kichwa, mwambie kwa adabu kwamba kichwa chake hakisikiki.

Mwandishi, akaniambia tena, usimuulize kitabu chake kinahusu nini. Atakwambia kinahusu maisha, na hapo umekwisha, huna pa kushika. Muulize alikuwa amekaa wapi alipokiandika. Bwana mmoja wa upande wa Kizimbani nilimuuliza hivyo, akanijibu kwamba aliandika juu ya magunia ya karafuu, na kwamba mpaka siku ile akinusa karafuu humjia sentensi. Nilifurahi kama aliyeokota. Nilipomuuliza ni sentensi gani, akasema hajui, karafuu hazikuwepo.

Mchezaji naye, bila ya kuchekewa, hapumui. Kwa hiyo Bi Salama alikuwa akikaa nyuma ya kioo, pale mgeni anapomwona, kajiziba mdomo kwa ncha ya buibui, mabega yanatikisika kwa kicheko. Wageni wakichangamka ajabu. Siku moja nikamuuliza, katika yote yale aliyoyasema mgeni, lipi lililomchekesha zaidi?

“Sikusikia hata neno,” akasema. “Kioo kile hakipitishi sauti. Wewe miaka yote hii ulikuwa ukidhani nnacheka nini?”

Nilikuwa nikidhani anacheka.

Sasa sikilizeni ya Kizimkazi, maana bila ya hiyo hamtaielewa ya naam. Alikuja kijana kutoka huko na riwaya yake ya kwanza. Ilikuwa ikianzia kwenye kifo cha mama, nayo imeandikwa kwa “mimi” na “mama yangu”, maneno ya kumliza hata muuza pweza. Mimi nilikuwa nimeisoma nikalia kweli. Kipindi kilipoanza tu, hewani, nikamwambia: “Kwanza pole sana kwa msiba wa mama.” Yule kijana mwenye adabu zake akasema: “Ahsante, tushapoa.” Angefanyaje? Kwetu mtu akikupa pole huikatai, unaipokea kwanza, mengine baadaye. Kumbe kijijini kwao redio zote ziko wazi. Kabla kipindi hakijesha, majirani wameshajifunga kanga, wameshachukua majamvi, wanaingia kwao wanalia. Mama mwenyewe alikuwa uani akipara samaki. Alipowaona wanalia na yeye akatupa kisu akalia, akalia sana, ndipo akauliza aliyekufa ni nani.

Bi Salama aliniita pembeni siku ile. “Makame,” akasema, “ukimuuliza mtu, ujue kwanza unamuuliza nani. Yeye mwenyewe, au huyo aliyemo kitabuni?”

Nikasema nimefahamu. Sikuwa nimefahamu kitu.

Haya, Bi Mize. Nyinyi mtakuwa hamkumwona akicheza. Alikuwa katika kikundi cha wanawake watupu, na kwa kuwa ni wanawake watupu, wanaume nao walichezwa na wanawake. Bi Mize alikuwa mrefu, na sauti yake akitaka huishusha mpaka chini ya kifua, basi yeye ndiye akivishwa kanzu na kofia. Mchezo uliomtoa ni ule wa Mshenga. Mshenga, nadhani mnajua, ni yule anayetumwa kwenda kwao mwari kupeleka posa na kurudisha majibu. Mshenga wa Bi Mize alikuwa mtu wa adabu kupindukia. Wazee wa mwari wanamwita: “Mshenga! Mahari haya hayatoshi, yaongezwe!” Yeye: “Naam.” “Mshenga! Na bibi mzaa mama naye aletewe kitanda!” “Naam.” Kitanda, cherehani, mbuzi, mpaka paa la nyumba ya wifi liezekwe upya. Yote naam. Wazee wakaondoka roho zao kwatu. Siku ya harusi wanadai vitu vyao, havipo. Wanamzunguka Mshenga wanataka kumla mzima. Naye anajipangusa kanzu, anawatazama mmoja mmoja, anasema: “Mliniita, nikaitika. Kuitika si kukubali.”

Ukumbi ulikuwa ukivunjika. Sentensi ile ikatoka ukumbini ikaingia mjini. Kule Darajani ukimwambia muuza samaki ashushe bei akasema naam, ujue samaki hujashushiwa. Na Bi Mize jina lake likafa. Akawa Mshenga. Bi Mshenga kwa wadogo, Mshenga kavu kwa wakubwa wenziwe. Mimi mwenyewe nikikutana naye Mkunazini nikimwamkia kwa jina hilo, na yeye akiniitikia kwa ile sauti ya chini, tukicheka, basi.

Aliyekiongoza kikundi, na ambaye jina lake lilikuwa likiandikwa kwenye matangazo kama mtunzi, ni Maalim Shaame, mwalimu wa skuli, mtu mpole mwenye hati nzuri. Alipokufa, palizuka maneno mjini kwamba Mshenga si mchezo wake, ni wa Bi Mize. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikaona hii ndiyo kazi yangu, nikamwalika Bi Mize kwenye kipindi.

Alikuja kavaa vizuri, bangili kavua mwenyewe bila ya kuambiwa, kiti kakirudisha nyuma mwenyewe. Tukazungumza raha mstarehe. Dakika za mwisho zilipokaribia, fundi mitambo akinionyesha kidole kwamba muda unakwisha, nikakumbuka sijauliza lile lililotuleta. Nikalitupa kwa haraka: “Sasa Mshenga! Mchezo huu aliutunga marehemu Maalim Shaame, siyo?”

Akasema: “Naam.”

Kisha akanyamaza akanitazama, kama mtu anayengoja kitu. Nami kwa kuwa muda umekwisha nikashukuru, nikaaga, wimbo ukapigwa.

Mjini maneno yakakatika palepale. Keshasema mwenyewe, tena hewani, wote tumemsikia. Neno la redioni ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Mimi nikarudi nyumbani nimechoka na nimeridhika, ila kitu kimoja kikinikera. Bi Mize alipokuwa akitoka, pale mlangoni akizivaa bangili zake, aliniambia kwa upole kabisa: “Bwana Redio, umeniita vibaya.”

Umeniita vibaya! Nikashika kichwa. Nikajua ni kweli, nimemwalika vibaya, mtu mzima katoka kwake Bububu, mimi sikumpelekea gari, kaja kwa kuhangaika juani. Wiki ile ile nikamtumia halua na salamu za radhi. Baadaye nikamwalika tena kwa jambo jengine, safari hii nikapigania gari la ofisi likamchukue mpaka mlangoni kwake. Akaja, akateremka, akanitazama mimi na lile gari, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikacheka pia. Sikujua tunacheka nini, lakini nilikuwa nimeshazoea kazi ile.

Basi mambo yakalala. Mikanda mikubwa ya duara ikaondoka, zikaja kaseti, zikaondoka, ikaja kompyuta, nikaondoka mimi. Siku hizi nasikia mnarikodi kwa simu mkiwa mmelala kitandani, hongereni.

Majuzi nikapigiwa hodi na msichana anaitwa Rukia. Ana kikundi chake cha vijana cha michezo ya kuigiza, na wanataka kuurudisha Mshenga jukwaani. Tena zaidi ya hivyo, wamepata mtu wa kuwachapia mchezo wenyewe uwe kitabu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Mzee, kitabu kinakwenda kuchapwa, na juu ya gamba lake la mbele wanaandika mtunzi Maalim Shaame. Mie nnakaa Bububu jirani na Bi Mshenga, nimekua mbele yake. Ule mchezo tukiufanyia mazoezi uani kwake, tukikosea neno moja anashtuka kama aliyekanyagwa. Nnaona ni wake. Lakini watoto wa Maalim wanasema Bi mwenyewe alishasema redioni. Wao hawana ugomvi, wanasema Bi akitamka kuwa ni wake watalifuta la baba yao leo leo. Nami nikimuuliza haniambii. Ananambia, kawaulize walioniuliza mwanzo.”

“Walioniuliza” ndio mimi. Nikamtazama yule mtoto, nikaona macho yake yamejaa. Kitabu kikishachapwa jina halifutiki, na Bi Mize si msichana tena. Akiondoka ameondoka nalo.

Rukia alikuwa na sauti ya kipindi kile ndani ya simu yake, sijui kaitoa wapi. Tukakaa barazani tukaisikiliza. Naam. Tukairudia. Naam. Nikamwambia, unasikia, imeshuka mwishoni, hiyo ni ndiyo. Tukairudia, nikasikia imepanda, kama mtu anayesema enhe, nakusikiliza, endelea. Rukia akanionyesha kwenye kioo cha simu namna sauti inavyochorwa. “Tazama mzee, inapanda hapa.” Nilivaa miwani, nikavua miwani. Niliona vijiti vijiti kama ufagio wa chelewa uliolazwa. Tulipoirudia tena na tena neno likaacha kuwa neno kabisa, likawa mlio tu. Miaka yote nimekula mshahara wa kusikiliza, na nilikuwa sijui nimesikia nini. Niliona haya, sikuficheni.

“Twende kwake,” nikasema.

Tulimkuta Bi Mize barazani kwake Bububu, kaketi juu ya mkeka, anachambua mchicha. Amekonda, lakini urefu uko palepale hata akikaa. Tukaamkiana, tukakaribishwa, tukaulizana hali za watu wote wazima na wafu. Nikamwachia Rukia aanze, maana mimi swali langu nilishalitumia.

“Bi Mshenga,” akasema Rukia.

“Naam.” Sauti ya chini, nzito, ya kofia na kanzu.

“Ule mchezo si wako?”

“Naam.”

“Au ni wa Maalim Shaame?”

“Naam.”

Rukia akanigeukia karibu ya kulia. “Mzee, katika hizi naam, ipi ndiyo ndiyo?”

Nikamtazama Bi Mize. Alikuwa akinitazama mimi, si Rukia, kwa yale macho aliyonitazama nayo studio, macho ya mtu anayengoja. Mikono yake inachambua mchicha yenyewe. Nilifikiri labda nimuulize alikuwa amekaa wapi alipoutunga, kwa ajili ya ile ya Bi Salama, lakini nikaogopa ataniambia naam.

Ndipo ng'ambo ya ua mama yake Rukia akaita kwa nguvu: “We Rukia!”

“Labeka mama!” akaitika Rukia.

Labeka. Wanangu! Nani kwetu hajui? Ndilo jambo la mwanzo tunalofunzwa kabla ya kujua kuvaa viatu. Ukiitwa, ukiwa mwanamme, itika naam. Ukiwa mwanamke, itika labeka. Bi Mize ni mwanamke wa heshima aliyelelewa na wazee wake. Yeye akiitwa angesema labeka. Naam ile haikuwa yake hata siku moja. Ilikuwa ya Mshenga, na Mshenga mji mzima tunamjua ni mtu wa namna gani, naam yake haina maana yoyote ila kwamba ameitwa, kaitika. Na aliyemwita Mshenga, hewani, watu wote wakisikia, ni mimi.

Umeniita vibaya. Na mimi nikampelekea gari!

Nikajiweka sawa kwenye mkeka. Nikaita kama anavyoitwa mtu wa nyumba ya pili:

“Bi Mize!”

Mikono ikasimama juu ya mchicha. Mtoto mmoja aliyekuwa akipita akageuka kutazama anaitwa nani.

“Labeka,” akasema. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mwanamke, ambayo mimi nilikuwa sijapata kuisikia.

“Mchezo wa Mshenga nani kautunga?”

“Mie,” akasema. “Nimeutunga mie wote, tangu mwanzo wake hata mwisho wake.”

Rukia akaanza kulia kweli. Bi Mize akampa ncha ya kanga yake ajifute, akaendelea kwa ile sauti nyembamba, mbio mbio, kama aliyekuwa kaipanga kwa muda mrefu. “Mie nikisema, Maalim akiandika. Hati yake nzuri, mie skuli sikuwahi. Akanambia Mize, niweke jina lako. Nikamwambia hebu, weka lako wewe, mume wangu asije akajua kuwa yale ya mawifi nimeyatoa kwa dada zake. Maalim hakuniibia kitu, msije mkamsema. Sasa mume keshakufa, Maalim keshakufa, na mawifi nao wameshakwisha. Nlikuwa nangoja mtu aniite tu.”

“Lakini siku ile redioni si ungesema?” nikamwambia. “Si ungenisahihisha palepale?”

“Ningesema vipi? Hukuniita mie. Ulimwita Mshenga.” Akakiokota kijiti cha mchicha akakitupa kando. “Na Mshenga angekujibu nini? Yeye katumwa tu.”

Nikavuta fungu la mchicha, nikaanza kuchambua na mimi.

Rukia akauliza gamba liandikwe nini. “Andika Mize binti Vuai,” akasema, akamtamkia polepole, kisha akamtaka alirudie alisikie. Akalirudia. Akamtaka alirudie tena. “Na chini yake andika, kimeandikwa kwa mkono wa Maalim Shaame. Alikuwa mtu mzuri yule.”

Tukaaga. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimefika njiani, najiuliza kama kumbe wageni wangu wote wale niliwaita vibaya, yule wa karafuu, yule wa Kizimkazi, na kama ningewaita vizuri wangenambia nini. Sijui. Na hapa ninapoandika sijui.

“Makame!” akaita Bi Mize nyuma yangu.

Maisha yake yote akiniita Bwana Redio. Nikageuka upesi. “Naam!”

“Siku ya mchezo utakuja kunichukua kwa gari, kama lile la siku ile. Na Mshenga ntamcheza mwenyewe.”

“Lakini bibi, magoti yako...” akasema Rukia.

“Makame keshasema naam,” akasema Bi Mize, akarudi kwenye mchicha wake.

Nilifungua mdomo nimwambie kuitika si kukubali. Nikaufunga. Mchezo ni wiki ijayo, wanangu, na mimi gari sina wala sijui nitalitoa wapi.